Usinyanyue Hilux yako inchi 4 kwa spesa: yaliyonikuta mteremko wa Kitonga

Mkuu, naomba usilipe hiyo hela kwanza. Umeandika kwamba una Hilux Vigo ya 2012, dabo kebini, injini ya dizeli ya lita 3.0, unabebea mazao ya shamba, na fundi amekushauri uinyanyue inchi 4 kwa spesa mbele (vipande vinavyochomekwa juu ya shokapu ili bodi ikae juu zaidi) na vipande vya chuma nyuma, uvalishe tairi za inchi 33, kisha utoe sailensa na kufunga bomba la moshi la inchi 3. Nilipomaliza kusoma moyo ulinienda mbio, kwa sababu hayo ndiyo niliyofanyiwa mimi, kwenye gari la aina hiyo hiyo.

Nianze na breki, maana ndizo zilizotaka kuniua. Ukilala chini ya gari kama langu, upande wa nyuma, utaona kifaa kilichofungwa kwenye chesisi, chenye kijiti kinachoshuka hadi kwenye eksili, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma. Hiyo ni vavu inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Bodi ikishuka kwa uzito, kijiti husogea na vavu huruhusu nguvu zaidi iende magurudumu ya nyuma. Gari likiwa tupu, bodi hukaa juu na vavu huibana nguvu hiyo ili tairi za nyuma zisijifunge na kuteleza. Sasa ukichomeka kipande cha chuma kati ya eksili na springi, bodi inakaa juu siku zote, na vavu inachukulia kwamba gari ni tupu hata kama umepakia mpaka springi zimenyooka. Fundi wangu hakuigusa kabisa.

Nilitoka Makambako na magunia 8 ya viazi. Hadi Iringa sikuona tatizo lolote, kwa kuwa hakuna mahali palipodai breki za muda mrefu. Tulipoanza kushuka Kitonga, ule mteremko mkali wenye kona nyingi baada ya Iringa ukielekea Morogoro, nilikuwa nyuma ya lori, kila kona nakanyaga, na kabla hatujafika nusu ya mteremko pedali ilianza kuzama huku harufu ya kuungua ikiingia ndani ya kebini. Nililisimamisha gari kwa gia na breki ya mkono, na utingo wa lori lililokuwa nyuma yangu akaruka na kuweka jiwe mbele ya tairi. Moshi ulikuwa unatoka magurudumu ya mbele, hayakaribiki. Kisha nikaenda nyuma nikaweka kiganja juu ya rimu: ilikuwa na uvuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Breki za mbele zilikuwa zimelisimamisha gari lote peke yake, pamoja na viazi. Atakayesema sikujua kuendesha, aje siku moja tushuke naye pale na mzigo ule.

Huyo fundi alikuwa na gereji kubwa, mabango na picha za magari yaliyonyanyuliwa hadi mtoto anapita chini. Nilipomrudia alisema ile vavu "haina kazi", na akapendekeza aiondoe. Mtu anayepokea hela yako kwa kazi inayogusa breki, halafu hajui kila kitu kilichounganishwa na eksili kinafanya nini, hastahili kukabidhiwa spana. Nina hasira naye hadi leo, na sioni sababu ya kuificha.

Upande wa mbele nao ulinitafuna mfukoni. Spesa haiongezi nguvu ya springi. Inaisukuma shokapu chini tu, na kwa kuwa shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini (chuma kinachoshikilia gurudumu), spesa ya inchi 1 hulinyanyua gari karibu inchi 2. Difu ya mbele, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu, inabaki pale pale kwenye bodi, magurudumu yanashuka, na draivushafti (vyuma vinavyopeleka mzunguko huo kwenye magurudumu) zinakaa kwa pembe kali. Mikunjo ya raba zake inasuguana hadi inachanika. Niligundua siku nilipoona grisi nyeusi imetapakaa ndani ya rimu ya kushoto na kwenye shokapu. Wiki chache baadaye kila nikikata kona nasikia kak-kak-kak. Nilibadilisha draivushafti zote mbili na boljointi za juu, na tairi mbili zilikuwa zimeliwa upande wa ndani, kwa sababu alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, haikukubali kukaa sawa. Kunyanyua kulinigharimu laki sita. Kurekebisha kulipita milioni mbili na nusu.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na ninamwambia kila mwenye gari la namna hii: mbele usivuke inchi 2, na uzipate kwa springi na shokapu zilizotengenezwa kwa uzito unaoubeba kweli, si kwa spesa. Nyuma badilisha springi bapa zenyewe, usichomeke chuma. Vavu irekebishwe kwa kimo kipya, na hosi ya breki ya nyuma ikaguliwe gari likiwa limening'inizwa, isikakamae. Fahamu pia kwamba kunyanyua bodi hakuinyanyui difu ya nyuma hata kidogo. Kinachoitoa kwenye mawe ni ukubwa wa tairi. Mimi sasa nina tairi za 265/75R16, zinakaa bila kugusa fenda, na shambani sijakwama.

Kuhusu bomba la moshi, kwenye dizeli yenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) kipande chenye faida ni kile kinachotoka moja kwa moja kwenye tabo. Kutoa sailensa kunakuongezea kelele tu. Hilo linaweza kusubiri.

Kama tayari umemlipa kianzio, muulize swali moja kabla hajafungua bolti: baada ya kunyanyua, ile vavu ya nyuma ataifanyaje? Akikuuliza "vavu gani?", chukua funguo zako uondoke.