Kujifunza kuongoza mashua pwani ukiwa Dodoma

Ndugu yangu, umesema uko Dodoma, Desemba unakwenda Tanga kujifunza kuendesha mashua ndogo ya matanga, na unauliza kama simu yenye ramani inatosha. Haitoshi. Simu huisha chaji, tena chumvi haina huruma nayo.

Anza na ramani ya bahari ya karatasi. Umbali unaupima kwenye kingo za pembeni, kamwe si za juu wala chini: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Wengi hukosea hapo.

Kisha nunua dira ya mkononi. Mazoezi hayahitaji bahari. Panda mahali pa wazi, elekeza dira kilima cha Mlimwa, soma nyuzi, halafu mnara wa Msikiti wa Gaddafi. Chora nyuzi hizo kama mistari miwili kwenye ramani ya mji, kila mmoja ukipita kwenye alama yake. Inapokatana ndipo ulipo. Kaa mbali na gari na nondo, vyuma huidanganya dira. Baharini utatumia minara ya taa na ncha za visiwa.

Maboya, yaani vielea vinavyoonyesha njia: ukiingia bandarini, jekundu libaki kushoto, kijani kulia.

Maji kupwa na kujaa jifunze kwa wavuvi, hasa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), mwamba uliopita juu yake asubuhi unaweza kukukwamisha mchana. Desemba ni kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki. Angalia utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) kila siku. Kuvuka kwenda Pemba usijaribu bila nahodha mzoefu, mkondo ule husukuma kaskazini kwa nguvu. Ukitaka cheti, waulize Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Na jaketi okozi, hata kama unajua kuogelea.