Umebadilisha skima, mtumiaji ni yule yule
Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kwa nini Oracle, programu ya hifadhidata, inakurudishia kosa la ORA-00942 (jedwali halipo) kwenye jedwali la MAVUNO ilhali umeshaandika ALTER SESSION SET CURRENT_SCHEMA = KARAFUU, yaani umehamia skima ya KARAFUU, fungu la majedwali ya mtumiaji wa jina hilo. Amri hiyo haikupi ruhusa yoyote. Inabadilisha pahala jina linapotafutwa tu: ukiandika MAVUNO, inasoma KARAFUU.MAVUNO. Haki zinabaki za mtumiaji uliyeingia naye. Ni kama kukaa barazani kwa jirani. Ufunguo wa ghala lake hunao. Angalia mwenyewe:

SELECT SYS_CONTEXT('USERENV','SESSION_USER'), SYS_CONTEXT('USERENV','CURRENT_SCHEMA') FROM DUAL;

Utaona majina mawili: la mtumiaji uliyeingia naye, kisha la skima. Mwombe mwenye skima akupe GRANT SELECT, yaani ruhusa ya kusoma, kwenye jedwali hilo. Nywila ya KARAFUU usiiombe, nakusihi: wakiingia watu watano kwa jina moja, haijulikani nani kafuta nini.