Nitandike nini bandani? Na jirani akishtaki je?

Shangazi shikamoo. Nina kuku nane uani, banda la mbao, sakafu ya saruji. Natandika nyasi kavu lakini siku chache tu harufu inapanda mpaka macho yanawasha, na jirani kashaanza kunitumia meseji, anasema ataenda kuripoti. Huyu ananiambia maranda, yule mchanga, kuna aliyesema nimwage chokaa kila nikisikia harufu. Kipi ni kipi? Na hivi sheria ya kuku wa uani ipo kweli au natishwa tu? – Nimechoka na Meseji

Marahaba mwanangu. Tuanze na hayo macho. Hiyo inayokuwasha ni amonia, na inatoka hivi: kuku hakojoi pembeni kama mbuzi, vyote vinatoka pamoja, ile nyeupe unayoiona juu ya kinyesi ndo mkojo wenyewe. Bakteria wakiupata huo na kuna unyevu wanaugeuza amonia, pakiwa pakavu hawana la kufanya. Kwa hiyo usiniulize kwanza utandike nini, niulize maji yanaingilia wapi.

Nenda bandani asubuhi kabla hujafungua mlango vizuri, chuchumaa mpaka pua yako iwe pale kuku wanapopumulia, kaa kidogo. Ukiwa umesimama hutajua kitu, na pua ikizoea ndo kabisa, ndo maana jirani anaisikia na wewe unaona mbona kawaida. Wataalamu wanataka amonia isizidi sehemu 25 kwa milioni ya hewa, zaidi ya hapo koo na macho ya kuku yanaanza kuharibika, na macho yako yakiwasha ujue wao wameshaumia zamani. Halafu chota matandazo kiganjani, kamata kwa nguvu, fungua mkono. Yakibaki donge yamelowa, yakishikana kidogo yakavunjika yako sawa, yakipeperuka vumbi tupu yamekauka mno na hilo vumbi nalo linawakaba.

Sasa maji. Mara nyingi mwizi ni chombo cha kunywea, kipo chini, kuku wanakichezea, wanamwaga. Kinyanyue mpaka usawa wa mgongo wa kuku. Angalia paa linapovuja, na weka matundu ya hewa juu kabisa, juu ya vichwa vyao wakiwa wamelala, maana hewa ya unyevunyevu inapanda na isipopata pa kutokea inarudi chini kama umande. Na pale chini ya fito za kulalia weka ubao ukwangue kila asubuhi, kinyesi kingi cha siku kinaangukia hapo usiku, hiyo kazi ya dakika mbili inakuokolea nusu ya tatizo.

Ukishamaliza hayo ndo tuongee matandazo. Nyasi mi sizipendi, hazinyonyi, zinalaliana zinakuwa mkeka, chini panaoza, na zikiota ukungu wanauvuta kwenye mapafu. Maranda ya mbao ndo nakushauri, yale makubwa makubwa sio unga, sentimita 8 mpaka 10, lakini muulize fundi ni mbao gani, zilizotiwa dawa ya wadudu hapana, za mwerezi zenye harufu kali hapana, vipande vya plaiwudi vyenye gundi usiguse. Maganda ya mpunga yanafaa pia, hayanyonyi kama maranda ila yanakauka haraka. Mchanga unakubali kama banda halivuji na we ni mtu wa kuzoa kila siku, kama sio mtu wa hivyo achana nao. Vumbi la mbao na magazeti usiwawekee vifaranga: vumbi wanalila likawaziba, na gazeti linateleza, miguu inawapanuka wanabaki vilema.

Na chokaa nimeiacha makusudi maana ndo ushauri unaosambaa kuliko wote. Inakausha, sawa, lakini inapandisha alkali (kinyume cha asidi) kwenye matandazo na hapo amonia ndo inafumuka zaidi. Imwage sakafuni banda likiwa tupu na umeshafagia, sio juu ya matandazo kuku wakiwemo, na iwe ya kilimo, ile inayochemka ukiitia maji inaunguza miguu.

Kuhusu kuripotiwa: hatishi bure. Miji mingi ina sheria ndogo za mifugo na hazifanani, mtaa wa pili unaweza kuwa na zake. Usiende ofisini ukauliza "naruhusiwa kufuga kuku?" utajibiwa juu juu tu. Uliza idadi mwisho ngapi, jogoo anaruhusiwa, banda likae mita ngapi kutoka mpaka na kutoka dirisha la jirani, kibali kinahitajika, kinyesi kinatupwa wapi, kuku wanaruhusiwa kuzurura, na kuchinja nyumbani je. Omba majibu kwa maandishi. Kama umepanga soma na mkataba, maana halmashauri inaweza kukuruhusu na mwenye nyumba akakataa. Na hata ukiwa ndani ya idadi, harufu na nzi wanatosha kukufanya uambiwe uwaondoe, kwa hiyo hayo maranda ndo utetezi wako wa kwanza.

Shangazi, kwetu majogoo yamekatazwa ila ninaye mmoja na nampenda. Nikimfungia gizani asubuhi si hatawika? Na nikimtoa mitetea itaendelea kutaga? – Mama Jogoo

Itataga kama kawaida dada, yai halihitaji jogoo, jogoo anahitajika ukitaka vifaranga. Giza halikusaidii sana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya huko Japani waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, wakaendelea kuwika kwa ratiba, yaani saa iko ndani ya mwili wao. Kuwika kwa karibu kunavuka desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukimfungia kwenye boksi lisilo na hewa unamtesa na jirani bado anasikia. Mtafutie mtu mwenye shamba, na kabla hajakuja afisa.

Matandazo ya zamani naweza kumwaga moja kwa moja kwenye mchicha? – Mkulima wa Ndoo

Hapana, yataunguza mizizi, na kinyesi kibichi kinaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha ambao hutaki kuwala na mboga. Lundika, changanya na majani makavu, nyunyiza maji kidogo, katikati ya lundo pakifika nyuzi 55 mpaka 65 vijidudu vingi vinakufa, geuza ili na ya pembeni yaingie katikati. Yakishapoa, yakawa meusi na yananuka udongo, weka. Lundo lifunike, panya wanapenda sana chakula kilichomwagika humo, na liwe mbali na ukuta wa jirani hata kama sheria yenu haijasema.