Kocha Akianza Kusagwa Redioni, Wewe Shabiki Ufanye Nini?

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana anayesoma hapa Ohio, Marekani. "Shikamoo kaka. Hongera kwa ubingwa. Katika Waswahili wote ninaowajua, ni wewe tu hukumgeuka kocha Day hata siku moja. Tufundishe, maana mimi niliyumba."

Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na mara zote tatu nilivimba kichwa mpaka nilipofika kwenye "hata siku moja". Hapo ndipo tutakapoanzia.

Kwa mlioko nyumbani: nazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la papai dogo. Timu ni Ohio State ya hapa Columbus. Ni timu ya chuo kikuu, lakini uwanja wake unaingiza watu zaidi ya 102,000. Jaza Uwanja wa Mkapa, kisha tafuta watu wengine 40,000 uwapakate. Na mtani wetu ni Michigan. Wiki ya mechi hiyo, herufi M kwenye vibao vya chuo hufutwa kwa mkanda mwekundu uliobandikwa alama ya X. Mchezaji anayemfunga Michigan hupewa kidani chenye umbo la kisuruali cha dhahabu, desturi iliyoanza miaka ya 1930. Simba na Yanga mnaijua, basi hamhitaji maelezo zaidi.

Kocha wetu, Ryan Day, alikabidhiwa timu mwaka 2019. Mwaka huohuo akamfunga Michigan, tukamshangilia. Halafu akafungwa 2021, akafungwa 2022, akafungwa 2023. Kabla ya mechi ya 2024 alisema kwamba ukiacha kumpoteza baba yake na mambo mengine machache, kufungwa na Michigan ndilo jambo baya kuliko yote lililoipata familia yake. Baba yake alijiua Day akiwa bado mtoto mdogo. Mtu wa namna hiyo akitamka sentensi ile, unajua anaibebaje mechi.

Tarehe 30 Novemba 2024 Michigan wakaja Columbus wakiwa hoi: wameshinda sita, wamepoteza tano. Watu wa kubeti walikuwa wanatupa ushindi wa karibu alama 20. Niliangalia nyumbani kwa shemeji yangu. Tulikuwa na vijana wawili wa pembeni, Jeremiah Smith na Emeka Egbuka, wanaodaka chochote kinachorushwa hewani. Kocha akang'ang'ania kukimbiza mpira katikati, palepale Michigan walipokuwa wamepanga majitu yao. Kipindi cha pili hatukupata hata alama moja. Mpigaji wetu, Jayden Fielding, akakosa milingoti mara mbili. Zikiwa zimebaki sekunde 45 Michigan wakapiga mpira wa alama tatu, 13 kwa 10. Kisha wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja wetu, ngumi zikarushwa, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Shemeji alizima televisheni, tukabaki tunatazamana na sinia la pilau ambalo hakuna aliyeligusa.

Dakika tano baadaye grupu letu la WhatsApp lilikuwa limeshamfukuza kocha na limeshaajiri mwingine. Mimi nikasimama. Niliandika ujumbe mrefu, na nakiri niliupenda. Niliwakumbusha mwaka 1987, kocha Earle Bruce alipofukuzwa wiki ileile ya mechi ya Michigan. Wachezaji wake walivaa vitambaa kichwani vilivyoandikwa EARLE, wakaenda Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, wakashinda 23 kwa 20. Wale walikuwa vijana wa chuo, nikasema, na walijua kusimama na mtu. Sisi watu wazima wenye ndevu tunashindwa?

Nikaitwa chawa. "Chawa wa Day, umelipwa ngapi?" Aliyeandika anajijua, na Jumapili nimemwona na fulana ya ubingwa, mpya, hata lebo ya bei hajatoa. Sina kinyongo. Ila nimeiona.

Mpaka hapo sifa zako zote nazistahili, mdogo wangu. Shida yangu ilikuja polepole, na ilipitia kwenye gari.

Mimi nafanya kazi ya usiku ghalani. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, naendesha dakika thelathini hadi nyumbani, na redio ya gari ilikuwa haitoki kwenye stesheni ya michezo. Siku za kwanza wachambuzi walizungumzia mechi: kwa nini katikati, kwa nini hakumtafuta Smith. Haki yao, hata mimi niliuliza. Wiki ya pili hawakuwa na mechi tena, na saa za kujaza zilikuwa zilezile. Wakaanza na uso wake ulivyokuwa kwenye mkutano na waandishi. Wakaingia kwenye mshahara. Wakaingia moyoni mwake, kwamba hana roho ya mechi kubwa. Wasikilizaji wakawa wanapiga simu na majina ya makocha wa kumrithi. Rekodi yake ilikuwa ushindi 66 na vipigo 10, lakini ukisikiliza ile redio ungedhani ni kinyume chake.

Siku moja nakata vitunguu jikoni, mama watoto akaniuliza kama nina matumaini na mechi ijayo. Nikamjibu, "Yule hana roho ya mechi kubwa." Nikabaki na kisu mkononi. Sikuwa nimeona mchezo wowote mpya tangu siku niliyomtetea. Hakuna kilichobadilika uwanjani. Sauti ile haikuwa yangu, ilikuwa ya redio.

Mechi hiyo ijayo ilikuwa dhidi ya Tennessee, tarehe 21 Desemba, hapahapa Columbus, hatua ya kwanza ya mtoano wa kutafuta bingwa wa vyuo wa Marekani nzima. Msimamizi wangu kazini, mzee mwenye tiketi za msimu mzima, alikuwa ameniuzia mbili kwa bei aliyonunulia yeye, moja yangu na moja ya binti yangu wa miaka minane. "Mpeleke mtoto," aliniambia. Binti alikuwa ameshatunga mkufu wa mbegu za buckeye, zile za kahawia zenye doa jeupe, ndilo jina la utani la timu.

Siku mbili kabla ya mechi niliziuza.

Tulikutana na mnunuzi kwenye maegesho ya kituo cha mafuta. Jamaa wa Tennessee, koti la rangi ya chungwa, glavu za chungwa, hata kamba za viatu. Alihesabu noti za dola ishirini juu ya boneti ya gari langu, polepole, akilamba kidole. Dola mia tano. Alipomaliza akatazama kofia yangu ya Ohio State, akaniuliza kwa upole kabisa, bila kejeli, "Kwa hiyo hata nyinyi hamwamini kocha wenu?" Nikasema mtoto hawezi baridi. Binti naye nilimwambia hivyohivyo.

Usiku wa mechi tulikaa sebuleni. Kamera ikazunguka uwanja, na ilikuwa kweli baridi, chini ya sifuri, lakini majukwaa yalikuwa yamejaa chungwa kupita kiasi, kundi baada ya kundi. Wengi kumbe walifanya kama mimi. Binti, na mkufu wake shingoni, akauliza, "Baba, hawa mbona wamejaa nyumbani kwetu? Nani kawaruhusu?" Nikaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Niliporudi tunaongoza 21 kwa 0. Tukamaliza 42 kwa 17, na Smith alirushiwa mpira kama tulivyokuwa tunalilia tangu Novemba.

Mechi mbili zilizofuata, za Oregon na Texas, sisimulii, mlishaona wenyewe: 41 kwa 21, kisha 28 kwa 14. Fainali ilikuwa Atlanta, tarehe 20 Januari 2025, dhidi ya Notre Dame. Tulikuwa tunaongoza kwa nane na wao wanakuja juu. Tunahitaji kusogea yadi 11 kwa jaribio moja. Wale wa redioni wangeapa kwamba Day atakimbiza mpira katikati. Will Howard, mrushaji wetu, akarusha juu kabisa, Smith akaukuta, yadi 56. Na aliyekuja kupiga alama tatu za mwisho, zikibaki sekunde 26, alikuwa Fielding yuleyule aliyekosa mara mbili kwa Michigan. Aliipasua katikati. 34 kwa 23. Ubingwa wa kwanza tangu msimu wa 2014.

Nililia. Mama watoto anadhani ni furaha tupu.

Sasa umeniomba ushauri. Wa kwanza: zima redio. Sisemi waandishi ni waongo, mechi ile tulicheza vibaya na walisema hivyo. Nasema mwenye saa nne za kujaza kila siku atamsaga mtu mpaka mfupa, na wewe utaondoka na unga wake mdomoni ukidhani umeusaga mwenyewe. Sikiliza siku mbili baada ya mechi, inatosha.

Wa pili, ni uleule, ila wa simu. Zima video za jamaa wanaopiga kelele ndani ya magari yao.

Wa tatu, pigia mechi kelele, mtu muache. Familia ya Day ilipokea vitisho, ikaripotiwa kwamba nyumba yao ililindwa na watu wenye silaha. Kwa ajili ya mpira. Kuna waliofikiri wanatania tu kwenye mitandao, wakasahau kwamba ndani mle kuna watoto. Wewe ukiwa na dukuduku na kocha, sema "kwa nini hakurusha mpira?" Ukianza kusema "huyu si mwanamume", jua umeshatoka kwenye michezo, nenda kanawe uso.

Na sisemi kocha hafukuzwi. John Cooper alikaa hapa misimu 13, akacheza na Michigan mara 13, akashinda mbili, sare moja. Alipoondolewa Januari 2001 hata mimi ningebeba mabegi yake mpaka mlangoni. Novemba 2023 Simba walipokula tano kwa moja kutoka kwa Yanga, Robertinho hakumaliza wiki, na wapo waliosema ni sawa. Hilo ni la mabosi. La kwako wewe ni kiti. Kiti chako ukikiacha, hakibaki kitupu, anakaa mwenye koti la chungwa. Ukitaka kuzomea, zomea ukiwa umekaa kwenye kiti chako, ukimaliza usiondoke.

Nilisikia Februari 2025 Day aliongezewa mkataba wa miaka saba, wastani wa dola milioni 12.5 kwa mwaka. Wale wa redioni sasa wanamwita mwanamikakati. Nimeambiwa tu, maana siku hizi kwenye gari nasikiliza taarabu.

Kilichobaki ni msimamizi wangu. Wiki iliyopita tulikutana kwenye mashine ya kahawa, akanipiga bega, macho yanang'aa, akauliza usiku ule wa Tennessee ulikuwaje pale kwenye viti vyake, na mtoto alifurahi?

"Baridi sana, mzee," nikamjibu.

Akacheka, akaniahidi viti hivyohivyo msimu ujao. Nashukuru Mungu hasomi Kiswahili.