Maswali ya Wasomaji: Chaja, Petroli na Joto la Dunia

Katika toleo hili nimetenga nafasi yote kwa barua zinazohusu mabadiliko ya tabianchi na nishati tunayoitumia, kwa kuwa nyingi kati ya zilizonifikia zinauliza, kwa njia tofauti, kama matendo ya mtu mmoja yana uzito wowote. Nimefupisha baadhi yake bila kugusa maana.

Swali: Mzee ninayemheshimu sana husema kwamba dunia imekuwa ikipata joto na kupoa tangu enzi, na kwamba wanaoamua ni jua na volkano, wala si sisi. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima?

Jibu: Anza pale mnapokubaliana. Ni kweli dunia ilipata joto na kupoa mara nyingi kabla binadamu hajawasha moto wa kwanza, na yeyote anayekana hilo atakuwa anakosea. Mnachopaswa kuzungumza ni chanzo cha joto la sasa. Nguvu ya jua imekuwa ikipimwa kwa setilaiti tangu 1978, na tangu wakati huo joto la dunia limepanda ilhali nguvu ya jua haikupanda. Isitoshe, kama jua ndilo lingekuwa chanzo, tabaka la angahewa lililo juu ya mawingu lingepata joto sawa na lile tunalovuta pumzi; vipimo vinaonyesha la chini linapata joto na la juu linapoa, jambo linalotarajiwa pale gesi zinapozuia joto karibu na ardhi. Kuhusu volkano, zote kwa pamoja hutoa kwa mwaka chini ya asilimia 1 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Lakini kama una nafasi ya kumweleza jambo moja tu, mweleze habari ya kaboni-14, aina adimu ya kaboni yenye mnururisho, kwa sababu hapo ndipo hewa yenyewe inapotoa ushahidi. Mimea na wanyama hubeba kiasi kidogo cha kaboni hiyo wakiwa hai, nayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi tangu wanapokufa. Makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya viumbe waliolala ardhini kwa mamilioni ya miaka, hivyo kaboni-14 yao ilikwisha zamani. Basi kama hewa ukaa inayoongezeka angani inatokana na kuchoma mabaki hayo, sharti kiwango cha kaboni-14 hewani kizimuliwe, kama maziwa yanavyozimuliwa kwa maji. Mwanasayansi Hans Suess aliliona jambo hilo katika miaka ya 1950 alipopima mbao za miti, ambayo hutunza ndani yake kaboni ya hewa ya kila mwaka ilioota. (Baadaye majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliongeza kaboni-14 angani na kuvuruga hesabu kwa muda, lakini kipimo chake kilitangulia.)

Kiasi chenyewe hakina ubishi. Kabla ya zama za viwanda, hewa ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Charles David Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa huko Hawaii mwaka 1958, ilikuwa imefika 315 hivi. Leo imepita 420, na katika mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika kwa miaka 800,000 kabla ya zama hizo hakuna mahali ilipofikia hata nusu ya njia kati ya 280 na 420.

Swali: Mimi na mume wangu hatuelewani kuhusu chaja ya simu. Yeye huichomoa ukutani kila mara na kunikemea nikisahau, eti naiharibu dunia. Mimi naona anajisumbua bure, kwa kuwa wachafuzi ni viwanda. Nani ana haki?

Jibu: Tupige hesabu, kisha mtaamua wenyewe. Chaja nzuri ya kisasa isiyounganishwa na simu hula takriban sehemu moja ya kumi ya wati. Ikiachwa ukutani mwaka mzima haifikishi uniti moja ya umeme. Bomba la kuogea linalopasha maji kwa umeme, lenye nguvu ya kilowati 5, hula karibu kiasi hichohicho kwa dakika kumi. Kwa maneno mengine, mumeo akikaa bafuni dakika kumi asubuhi moja, ameshatumia umeme wa chaja ya mwaka mzima aliyoichomoa kwa uangalifu mkubwa.

Nilifanya jaribio dogo jikoni kwangu linaloelekeza upande huohuo. Nilijaza birika la umeme maji lita moja na nusu, yakachemka, nikamimina kikombe kimoja, na yaliyobaki yakapoa bila mtumiaji. Kuchemsha maji yale ambayo sikuyahitaji kulihitaji zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uniti. Tangu siku ile huchota maji kwa kikombe kwanza, ndipo namimina kwenye birika. Ni tabia nzuri na sitaiacha, lakini hata kama umeme wote ungetokana na makaa ya mawe, kosa lile lingepaswa kurudiwa zaidi ya mara 20 ndipo lilingane na lita moja ya petroli iliyochomwa barabarani.

Kwa hiyo mume wako ana haki kwamba matendo ya nyumbani yana hesabu, ila amechagua tendo jepesi kuliko yote. Uzito uko katika kupasha maji na nyumba joto, kupoza hewa, kusafiri kwa gari na ndege, na katika kile tunachonunua na kukitupa. Nawe una haki kwamba viwanda huchafua, ila viwanda havichomi makaa ya mawe kwa kujifurahisha. Huchoma ili vituletee saruji, chuma, nguo na plastiki ambazo mtu fulani amezihitaji. Na watu hao hawalingani. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba asilimia 10 ya kaya zenye kutoa gesijoto (hewa ukaa na gesi nyingine zinazozuia joto) nyingi zaidi kwa kila mtu huchangia kati ya asilimia 34 na 45 ya gesijoto zote za kaya duniani. Anayepanda ndege kila mwezi na anayetembea kwa miguu kwenda kazini hawapaswi kukemewa kwa sauti moja.

Ripoti hiyohiyo inasema kwamba mabadiliko katika namna watu wanavyotumia nishati na bidhaa yanaweza kupunguza gesijoto za sekta husika kwa asilimia 40 hadi 70 ifikapo 2050, na inaeleza wazi kwamba hayo yanahitaji sera, miundombinu na teknolojia zinazoyawezesha. Nalisisitiza hili kwa sababu linaniuma kuona watu wakijilaumu kwa jambo ambalo hawakupewa namna ya kulikwepa. Mtu asiye na basi la kuaminika hawezi kuliacha gari lake kwa kuhubiriwa. Yule anayeweza kudai basi hilo, katika mkutano wa mtaa au kwenye sanduku la kura, ametenda jambo kubwa kuliko chaja elfu moja.

Swali: Tulibadilisha balbu zote tukaweka za LED. Sasa kwa kuwa ni rahisi, watoto huacha taa zikiwaka usiku kucha. Je, bado tunaokoa kitu?

Jibu: Inategemea mmeongeza ngapi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano hutumia wati-saa 300. Ya LED yenye mwanga uleule hula wati 9 hivi, na ikiwaka saa 12 hutumia 108. Taa moja ikikesha, bado mnaokoa. Mkiweka tatu zikeshe pale palipokuwa na moja, mmerudi mlikotoka na kupita kidogo. Mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliliandika hili mwaka 1865: injini za mvuke zilipoanza kutumia makaa ya mawe kidogo kwa kazi ileile, matumizi ya makaa hayo nchini mwake yaliongezeka, kwa sababu kazi nyingi zaidi ziliweza kufanywa kwa injini. Weka swichi inayojizima yenyewe, na wanao hutawagombeza.

Swali: Gari la umeme lina faida gani ikiwa umeme wenyewe unatokana na makaa ya mawe?

Jibu: Umeme ukitokana na makaa ya mawe peke yake, faida huwa ndogo na pengine haipo, hasa ukihesabu gesijoto zinazotolewa wakati wa kutengeneza betri. Sitaki kukudanganya katika hilo. Lakini angalia kinachotokea ndani ya gari la petroli. Lita moja ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo. Inapoungua, kaboni yake hushikana na oksijeni ya hewa, na bombani hutoka kilo 2.3 hivi za hewa ukaa, mara tatu ya uzito ulioingia kwenye tangi. Sehemu kubwa ya nishati ya petroli hiyo hupotea kama joto, na takriban robo tu ndiyo inayozungusha magurudumu. Injini ya umeme hufikisha zaidi ya robo tatu ya nishati yake.

Tofauti kubwa iko katika miaka inayofuata. Kwa uniti moja ya umeme, makaa ya mawe hutoa takriban gramu 820 za gesijoto, gesi asilia 490, paneli za sola arobaini na kitu, na upepo 11 hivi, ukihesabu hata ujenzi wa mitambo. Mitambo ya nchi ikibadilishwa, gari la umeme linakuwa safi zaidi likiwa bado barabarani, ilhali la petroli litatoa kilo 2.3 kwa lita hadi siku litakapokwenda kwenye vyuma chakavu. Ukinunua kitu kitakachodumu miaka 15, unachagua moshi wa miaka 15. Ndiyo sababu siku ya kununua gari, jiko au kipasha maji inastahili fikra nyingi kuliko siku nyingine zote za kukitumia.

Swali: Je, haitoshi kupanda miti?

Jibu: Panda, na uitunze. Ila mti hushika kaboni maadamu haujaungua wala kuoza, na ukiungua huirudisha hewani siku hiyohiyo. Makaa ya mawe yaliyoachwa ardhini yamekwisha kuitunza kwa mamilioni ya miaka bila kumwagiliwa.

Swali: Nina friji kuukuu inayokula umeme mwingi. Nimepata mpya. Naomba ushauri kuhusu ile ya zamani.

Jibu: Usiikate mabomba wala usimpe mtu atakayeyakata ili auze shaba. Ikiwa ina gesi ya R-134a, ambayo ilitumika sana katika friji, kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,300 kuliko kilo moja ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Za zamani zaidi zina R-12, ambayo ni kali kuliko hiyo na huharibu pia tabaka la ozoni. Ndiyo iliyodhibitiwa na Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni wa mwaka 1987, na makubaliano ya Kigali ya 2016 yakaongeza gesi za kundi la R-134a katika orodha ya zinazopunguzwa. Aina ya gesi huandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma ya friji, karibu na kompresa. Mwite fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi hiyo na mtungi wa kuihifadhia, na mwombe afanye kazi hiyo mbele yako kabla friji haijatoka nyumbani.