Majibu ya damu ni mazuri, kwa nini nitaje aspirini?

SWALI: Daktari, wiki ijayo natolewa kinyama cha figo kwa sindano. Chembe sahani zangu, zile zinazosaidia kuziba jeraha, ni 214,000 na INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, ni 1.0; yote ni ya kawaida. Natumia aspirini kila siku. Dada yangu anasema nisiitaje, maana vipimo vimeonyesha damu inaganda vizuri, na nikiitaja nitaahirishiwa. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Wapigie simu leo watakaokutoa kinyama, usingoje siku ya sindano.

Aspirini haigusi INR wala haipunguzi hesabu ya chembe sahani. Inazilemaza. Mashine huhesabu chembe, haijui kama zinafanya kazi, na iliyolemazwa hubaki hivyo hadi ife, yaani siku 7 hadi 10. Figo zikichoka sana, uchafu unaobaki kwenye damu nao huzidhoofisha chembe hizo bila kubadili hesabu. Lakini usiiache mwenyewe! Kama uliandikiwa kwa ajili ya moyo au umewekewa stenti (kijibomba kinachoshikilia mshipa wazi), kuiacha kiholela kunaweza kuziba mshipa. Waamue daktari wako wa figo na aliyekuandikia.

Kinachonichosha ni imani kwamba karatasi ya maabara ni cheti cha usalama. INR ilibuniwa kwa ajili ya kuwafuatilia wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, si kutabiri nani atavuja damu. Mwenye von Willebrand, ugonjwa wa kurithi wa kuvuja damu kwa urahisi, anaweza kuwa na INR nzuri na chembe tele. Anayemeza apiksabani, nayo dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuonyesha INR ya kawaida huku dawa imo mwilini. Upande wa pili, mwenye sirosisi (makovu kwenye ini) huja na INR iliyopanda hadi 1.7 watu wakaogopa, ilhali ini hilohilo limepunguza pia protini zinazozuia damu kuganda. Namba hiyo peke yake haisemi atavuja damu kiasi gani. Wapo wanaomjazia plazma, yaani majimaji ya damu yenye protini za kugandisha, ili tu namba ishuke. Maji yanamzidi na presha ya mishipa ya ini inapanda. Huko ni kutibu karatasi.

Mimi huanza na maswali. Uling'olewa jino damu ikatoka hadi kesho yake? Ulipojifungua au kupasuliwa, iliwashangaza waliokuhudumia? Unapata michubuko bila kujigonga? Kuna ndugu mwenye shida hiyo? Majibu hayo hunionyesha yale ambayo INR hainionyeshi.

Na hao wanaouza dawa za "kusafisha damu" na "kuimarisha damu" kabla ya upasuaji wanawahatarisha watu. Vidonge vya kitunguu saumu, kwa mfano, huweza kuzuia chembe sahani zisishikane, na mgonjwa havitaji kwa kuwa ameambiwa ni vya asili. Hakuna cha kunywa nyumbani kitakachokufanya usivuje damu. Kila unachomeza, kiwe cha duka la dawa au cha mganga, kitie kwenye mfuko mmoja uende nacho.

Halafu omba presha yako ipimwe mapema. Ikiwa juu sana, sindano ya figo isubiri hadi ishuke, hata INR ikiwa 1.0.