Kutoka Uhasibu Hadi Ualimu

Swali: Mimi ni mhasibu mwenye shahada, naishi Bronx, New York. Je, mafunzo ya kiangazi pekee yanatosha kunifanya mwalimu wa hisabati?

Jibu: Ndugu msomaji, yanatosha kukuingiza darasani, lakini hayamalizi safari. Mpango wa New York City Teaching Fellows, ulioanza mwaka 2000, huwapa watu wanaotoka katika kazi nyingine mafunzo mazito ya wiki kadhaa, yakiwemo mazoezi ya kufundisha, kisha mwezi Septemba hukabidhiwa wanafunzi kwa cheti cha muda huku wakisomea shahada ya uzamili baada ya saa za kazi. Kwa maoni yangu, mwaka huo wa kwanza ndio mgumu kuliko yote, kwani kujua hesabu ni kwingine na kumfundisha mtoto aliyezikatia tamaa ni kwingine. Kabla ya kuomba nafasi, omba ruhusa ukae darasani, umtazame mwalimu mzoefu akifanya kazi.